Mataulo ya Siku ya Wageni

Sijamsamehe, na nasema mapema ili msomaji asije akafika mwisho akingojea nilainike. Watu wa umri wangu wakiandika habari za utoto wao hupenda kumalizia kwa kusema yaliyopita yamepita. Yangu hayajapita. Kila asubuhi nikijimwagia maji ya uso namkumbuka yule mama, na kila asubuhi namwombea dua ambayo haifai kuandikwa hapa.

Alikuwa msimamizi wa nyumba ya watoto yatima, Kariakoo, siku za Mwingereza, baada ya vita ile ya kwanza na kabla ya ile ya pili. Usiende kuitafuta, ilikwisha vunjwa. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa nyuma, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na paa la madebe yaliyofumuliwa yakapigwa bapa. Mvua ikinyesha hatukusikilizana. Ukikaa barazani ulisikia makelele ya sokoni, na jioni mbu wote wa Jangwani walikuja kulala kwetu. Nyumba iliendeshwa na kamati ya mabibi wa Kizungu na wafanyabiashara wachache wa mjini, lakini hao walikuja mara moja kwa miezi kadhaa. Siku nyingine zote mwenye nyumba alikuwa yeye. Alitaka tumwite Mwalimu, tukamwita Mwalimu.

Alikuwa Mswahili kama sisi, mrefu, mkavu, na msafi kupita kiasi. Alipokuwa msichana alifanya kazi ya uyaya Uzunguni, na huko ndiko alikojifunza mambo ya wadudu wasioonekana kwa macho. Gauni lake lilikuwa jeupe na limenyooka kwa pasi tangu asubuhi hadi magharibi. Sijui alifanyaje. Mimi nikivaa nguo nyeupe hata kwa nusu saa huonekana nimetoka kupika.

Nilipelekwa pale pamoja na mdogo wangu wa kike baada ya bibi yetu kufariki. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi, mdogo wangu mitano. Wazazi tuliwapoteza zamani, yeye hata hawakumbuki, na bibi ndiye aliyetulea katika chumba kimoja cha kupanga huko Ilala. Tulikwenda Kariakoo kwa miguu, tumeongozana na jirani, na mzigo wetu ulikuwa kanga moja ya mama yetu iliyofungwa fundo. Ndani ya fundo hapakuwa na kitu. Kanga yenyewe ndiyo iliyokuwa mzigo.

Lazima niseme kidogo juu ya bibi, maana bila yeye mambo haya hayaeleweki. Hakujua kusoma hata herufi moja. Wadudu wasioonekana hakuwahi kuwasikia, na angeambiwa angecheka. Lakini alitunawisha kwa kata, maji yakimwagika chini na kwenda zao, kwa sababu kwake maji yaliyokwisha kugusa uso wa mtu yalikuwa yamekwisha kazi. Kila mmoja wetu alikuwa na kitambaa chake cha uso na mahali pake pa kukianika. Changu kilianikwa kwenye kamba upande wa mlango, cha mdogo wangu upande wa dirisha. "Kitambaa cha uso usimwazime mtu," alituambia, "hata mimi." Na akinunua nguo mpya dukani hakuturuhusu kuigusa kabla hajailoweka na kuifua. Alisema ina wanga wa dukani, na mpaka uondoke, nguo haijui kunywa maji. Alituonyesha: alimwaga maji kidogo juu ya kitambaa kipya, nayo yakateremka juujuu mpaka chini, kitambaa kikabaki kikavu. Tulifurahi sana, tukamwomba arudie.

Asubuhi ya kwanza kule kwa Mwalimu tulipangwa mstari uani, mkubwa mbele, mdogo nyuma. Tulikuwa ishirini na wawili. Alipita akitazama kucha, masikio, nyuma ya shingo, katikati ya vidole vya miguu. Kisha akauliza, sisi tukajibu kwa pamoja.

"Kwa nini tunanawa mikono?"

"Kuwaondoa wadudu, Mwalimu!"

"Meno tunayasuguaje?"

"Juu na chini, Mwalimu, si kushoto na kulia!"

"Nzi ametoka wapi?"

"Chooni, Mwalimu!"

Kwa muda wa wiki moja nilijua yote. Nasema kweli, hapakuwa na watoto Dar es Salaam nzima waliojua usafi kama sisi. Ungemwamsha yeyote usingizini angekueleza habari za nzi na kuhara, za kucha na minyoo, za kukohoa na kuziba mdomo. Na haki yake nimpe: maji ya kunawa alimwagia kila mmoja kwa kopo, sabuni nyekundu ya dawa ilikuwapo siku zote, miswaki ya mti kila mtu alikuwa na wake, na choo chetu kilisuguliwa kwa majivu kila siku.

Tukishanawa lilikuja taulo.

Lilikuwa moja. Zamani lilikuwa jeupe, nilipofika mimi lilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea sufuria. Mkubwa alijifuta, akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, likashuka hivyo mstari mzima. Likifika kwetu nyuma lilikuwa limelowa chapachapa na linanuka mate. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho kabisa, mimi wa kumi na tisa. Siku ya kwanza nilipopewa nilisimama nalo mkononi kama mtu aliyepewa samaki aliyeoza. Nikajifuta kwa upindo wa gauni langu, nikalipeleka nyuma. Mdogo wangu nilimfuta kwa kanga ya mama.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mataulo yalikuwapo. Yalikuwapo ishirini na mawili, kila moja na nambari yake imeshonwa kwa uzi mwekundu pembeni, yamekunjwa ndani ya sanduku lenye kufuli chumbani kwa Mwalimu. Yalitolewa na Mwarabu mmoja mwenye duka la nguo mtaa wa pili, mzee wa kamati. Siku ya wageni sanduku lilifunguliwa alfajiri. Ukumbini kulikuwa na misumari ishirini na miwili ukutani, na kila msumari ulivikwa taulo lake. Wageni walipita wakitazama, mabibi wakisema maneno yao ya kufurahi, Mwalimu akitembea nyuma yao amefumbata mikono. Walipoondoka, kabla hata vumbi la motokaa yao halijatua, tulikuwa tumekwisha anza kuyakunja.

Mara ya kwanza mimi sikujua. Niliona taulo namba kumi na tisa nikadhani bibi ameniombea huko aliko. Wageni walipotoka nililitwaa nikaligusa shavuni. Kofi lilinifikia sikioni kabla sijaona mkono.

"Hayo ni ya siku ya wageni!"

"Lakini wageni hawakujifutia, Mwalimu," nilisema. Nilikuwa sijajifunza kunyamaza.

"Ni ya wageni kuyaona," akasema, akalirudisha sandukuni.

Macho yalianza na msichana mmoja mkubwa, wa tatu kwenye mstari. Aliamka yamevimba, mekundu, kope zimeshikana kwa tongotongo. Siku nne baadaye walikuwa sita. Baada ya wiki mbili nusu ya mstari ilikuwa ikifikicha macho. Mwalimu alituongezea somo. Alitufundisha kwamba ugonjwa wa macho huletwa na nzi, na kwamba mtu asijishike macho kwa mikono michafu. Tukakariri. Kisha akatupatia lile taulo, likaanza kwa mkubwa kama kawaida.

Mimi nilichana kipande cha kanga ya mama. Nilikichana kwa meno, chini ya mkeka, na moyo uliniuma kama ninayechana kitu kilicho hai, lakini nilijua mama angekubali. Nikamwambia mdogo wangu, hiki ni chako peke yako, na hilo lingine likija kwako jifanye unajifuta. Alielewa. Alikuwa mtoto mwelevu, na kwa siku kadhaa hila yetu ilifaulu.

Mwalimu alituona. Alikuja nyuma ya mstari, akamkuta mdogo wangu amelishika taulo mbali na uso wake, anapunga hewani. Akampekua, akakiona kile kitambaa kifuani.

"Nini hiki?"

"Cha kwake, Mwalimu," nilijibu mimi. "Bibi alituambia kila mtu na chake."

"Bibi yako alikuwa daktari?"

Wenzangu wakacheka. Ilibidi wacheke.

"Hapa sitaki matambara ya Ilala," akasema. "Matambara ndiyo yanayoleta wadudu."

Akaingia chumbani kwetu, akaitoa kanga yote chini ya mkeka. Uani palikuwa na jiko la mkaa lenye uji wa asubuhi. Akaishusha sufuria, akaitia kanga juu ya makaa, akasimama mpaka ikashika moto vizuri. Harufu yake ninayo puani mpaka leo. Kisha akarudi, akamshika mdogo wangu kisogoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili, kwa lile taulo lililokwisha pita nyuso ishirini na moja, akamfuta uso. Alimfuta sawasawa, macho yote mawili na pembe zake, kama mtu anayesugua sahani. Nililia, "Mwalimu, usimfute, nakuomba usimfute." Hakusikia. Toka siku hiyo alimfuta mwenyewe kila asubuhi ili mimi nisilete ujanja.

Siku ya tano mdogo wangu aliamka hawezi kufumbua macho.

Angepelekwa hospitali siku ile, jicho lingepona. Niliambiwa hivyo baadaye na daktari aliyemtibu. Lakini wageni walikuwa wanakuja wiki ile, na Mwalimu hakutaka kamati ione macho mabovu. Wenye hali mbaya walikuwa watatu. Siku ya wageni aliwafungia stoo ya uani, pamoja na magunia ya mchele na makaa, akatuambia sisi tukiulizwa tuseme wamekwenda kuwasalimu jamaa zao. Yatima, wamekwenda kuwasalimu jamaa! Na hakuna mgeni aliyeuliza. Mimi nilisimama mbele ya taulo namba kumi na tisa, mikono nyuma, namsikia mdogo wangu stoo akiniita kwa sauti ndogo. "Dada. Dada." Wageni walikuwa wanasifu chokaa ya ukutani.

Jicho la kulia lilipata kidonda, kidonda kikala, na ulipopungua uvimbe tukaona limekuwa jeupe lote. Nilipitisha kidole mbele yake. Halikufuata. Yeye alidhani ni tongotongo limeziba, akaniomba nimsafishe vizuri. Nikamsafisha kwa maji ya kopo, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana sikujua nitamwambia nini nikimaliza.

Wenzake wawili walipata nafuu. Yeye alirudishwa kwenye mstari, na taulo likarudi usoni pake. Miezi ikapita. Halafu asubuhi moja nikaliona jicho la kushoto limeanza kuwa jekundu.

Kuna hofu inayomfanya mtu alie na kuna hofu inayomkausha. Mimi nilikauka. Nilijua zimebaki siku tatu wageni waje, na nilijua atafungiwa stoo tena. Na nilikuwa na kazi moja ambayo Mwalimu mwenyewe alinipa. Wageni walipomaliza kuzunguka walikaa ukumbini, wakaletewa kahawa na halua, na kabla ya kula walinawishwa mikono. Mabibi wa Kizungu walikuwa hawajui jambo hilo lakini walilipenda. Mwalimu alinichagua mimi kwa sababu bibi alinifundisha adabu zake: birika mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, taulo begani, unapiga goti kidogo, unamwanza mkubwa, humwagi maji kwa pupa. Taulo la wageni lilikuwa jingine tena, dogo, lililotariziwa maua. Nilivikwa kilemba cha ukoka mbele ya wenzangu kwa kazi hiyo. "Tazameni mtoto mwenye adabu," Mwalimu aliwaambia.

Walikuja wanne: mabibi wawili, yule Mwarabu mwenye duka, na safari hii daktari mmoja Mzungu, mgeni kabisa, aliyejua Kiswahili cha kutosha kuuliza na kujibiwa. Mdogo wangu alikuwa stoo peke yake. Ufunguo ulikuwa kiunoni mwa Mwalimu, unalia kila akitembea.

Niliingia jikoni, nikalichukua taulo la maua nikalisokomeza nyuma ya mtungi. Nikaliondoa lile la kila siku kwenye kamba. Lilikuwa bado bichi tangu asubuhi. Nikalikunja vizuri, pindo kwa pindo, nikaliweka begani. Mikono haikutetemeka, na mpaka leo najivunia mikono yangu.

Nilianza na Mwarabu kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa wa umri. Nilimwagia maji, akanawa, akasema asante binti. Nikapiga goti, nikamnyooshea taulo kwa mikono miwili.

Alilishika akaliacha. Akalishika tena kwa ncha za vidole, akalisogeza puani.

"Binti," akasema taratibu, "hiki nini?"

"Taulo letu, bwana."

"La nani?"

"La sote, bwana. Ishirini na wawili. Kila asubuhi."

Mwalimu alicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, ilikuwa sauti ya juu kama ya msichana. "Mtoto amechukua tambara la jikoni, jamani! Mataulo yao si yale pale? Kila mtu na nambari yake. Mwanangu, kawaletee wageni taulo lao."

Mwanangu! Nadhani kama asingesema neno lile ningeishia hapo.

Niliweka beseni chini, nikaenda ukutani nikalitoa taulo namba ishirini na mbili, la mdogo wangu. Nikamfunulia Mwarabu mbele yake, nikainua birika, nikamwaga maji juu ya taulo lenyewe. Maji yaliteremka juujuu, matone makubwa mazima, yakaanguka sakafuni. Taulo likabaki kavu. Nikalitupa nikatoa la pili. Nikatoa la tatu. Sakafu ikawa dimbwi, na hakuna taulo lililokunywa hata tone.

Mabibi walitazamana, hawakuelewa. Daktari naye hakuelewa. Lakini Mwarabu yule alikuwa ameuza nguo maisha yake yote. Aliinuka, akayashika mataulo ukutani moja baada ya jingine, akayakunja kati ya vidole, akasikia wanga wake mwenyewe ambao yalitoka nao dukani kwake.

"Nguo hizi hazijaoga hata siku moja," akasema. "Nilizileta hapa mwaka juzi."

Daktari akaelezwa. Akalichukua lile taulo bichi, akalipeleka kwenye mwanga wa mlango, akalitazama kwa muda. Kisha akamnyooshea Mwalimu.

"Wewe, futa uso," akasema.

Mwalimu akarudi nyuma hatua moja.

Hakufanya kitu kingine zaidi ya hicho. Hatua moja tu, na mkono umeinuliwa kuukinga uso wake. Watu wote ukumbini waliiona, na wenzangu ishirini waliokuwa wamepangwa mstari mbele ya misumari waliiona. Alikuwa amelipitisha taulo lile kwenye macho ya mdogo wangu kila asubuhi, na alikuwa akijua hatari yake. Mpaka dakika ile nilikuwa bado nadhani huenda hajui.

"Bwana daktari," nilisema, "kuna mtoto stoo. Ufunguo anao yeye."

Walimtoa amejaa vumbi la makaa. Daktari alimbeba mwenyewe mpaka kwenye motokaa bila kujali koti lake, na Kariakoo nzima ilitoka barazani kutazama. Jicho la kushoto lilipona. Alirudi baada ya wiki nyingi, ana chongo, mnene kidogo kwa uji wa hospitali, na alinikuta nina taulo langu na lake lipo pembeni, yote mawili yamefuliwa mpaka yamelegea.

Ningependa kusema nilifanya yote kwa ajili ya lile jicho. Watu wakinisifu mimi huwaacha wadhani hivyo. Lakini nilipokuwa namwaga maji juu ya taulo la pili na la tatu, jicho lilikuwa limekwisha okoka. Taulo la kwanza lilitosha. Yale mengine niliyamwagia kwa ajili ya kanga ya mama.

Mwalimu alifukuzwa wiki ileile. Nilihakikisha nipo barazani alipotoka na sanduku lake kichwani mwa mchukuzi. Gauni lilikuwa jeupe vilevile. Nikapiga goti.

"Shikamoo, Mwalimu."

Alisimama. Hakuitika. Akaniambia, "Waliniambia niyatunze. Yule mzee aliyaleta akaniambia, mataulo haya uyatunze. Yangechakaa wangesema mimi nimeyaharibu."

Nimelifikiria neno hilo maisha yangu yote. Naamini alikuwa anasema kweli. Mtu aliyefanya kazi katika nyumba za watu tangu utoto, akipewa kitu akaambiwa kitunze, hukificha kisiguswe. Angeharibu kikombe kimoja Uzunguni angefukuzwa. Naelewa kabisa. Nimeelewa, na sijamsamehe. Mimi nami niliachiwa kitu kimoja nikitunze, na chenyewe hakikuwa taulo.

Miaka kumi na kitu ikapita. Mdogo wangu alipata mchumba, fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mpole aliyemtaka jinsi alivyo. Siku ya harusi wanawake walijaa mpaka uani. Nilimpamba mwenyewe: hina, wanja, asumini kichwani. Akaketi juu ya kitanda amefumba macho, kama bibi harusi anavyotakiwa kukaa watu wanapokuja kumtazama. Akiwa amefumba, macho yake yote mawili yalikuwa sawa. Niliona wazi jinsi ambavyo angekuwa. Kope ndefu, nyusi za mama yetu.

Wageni wa upande wa bwana harusi waliingia kwa vigelegele, kila mmoja akimtazama bibi harusi na kumtunza chochote. Katikati yao aliingia mwanamke mrefu, amekonda, amevaa gauni jeupe chini ya kanga. Alikuwa jirani ya mama wa bwana harusi. Hakunijua. Mimi nilimjua kabla hajavuka kizingiti.

Alimwinamia mdogo wangu. "Mashallah," akasema. "Bibi harusi mzuri. Na msafi!"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kitanda.

"Fungua macho, mdogo wangu," nikasema.

Wanawake waliguna. Bibi harusi hafumbui. Mdogo wangu naye alisita, lakini hajawahi kunikatalia jambo. Akafumbua, na kwa kuwa mgeni alikuwa upande wake wa kulia, ikambidi ageuze uso wote ili amwone, kama anavyolazimika kufanya siku zote. Jicho jeupe likatangulia, zima likafuata.

Yule mama alimtazama, akainua kichwa akanitazama mimi, akamtazama yeye tena. Nikaona limemwingia. Machozi yakamtoka palepale, hakuwa na la kufanya kuyazuia.

"Dada, huyu nani?" mdogo wangu akauliza. Alikuwa mdogo mno siku zile, uso ule haukuwamo kichwani mwake. Nilimwona anaona haya kwa macho ya watu, siku yake moja hii, na nikajua nimemtumia. Nilijua. Ingekuwa leo ningefanya vilevile.

"Mgeni," nikasema.

Yeye akamwonea huruma. Alikuwa na leso yake ya harusi mkononi, mpya, niliyoifua kwa mikono yangu mara tatu mpaka ikalainika. Akaikunjua, akamnyooshea yule mama afute machozi.

Mkono wa yule mama ulikuwa umekwisha inuka kuipokea. Nikaidaka katikati.

"Kitambaa cha uso hatumwazimi mtu," nikamwambia, nikaikunja, nikamrudishia mdogo wangu kiganjani.

Akatoka na uso wake umelowa, akipita katikati ya wanawake wote wale, akijifuta kwa mikono.